Mshale Katika Mtungi wa Miavuli

Mshale ulipita juu ya ua, ukajichoma kwenye godoro ambalo Bi Nozue alikuwa amelianika ukingoni mwa roshani yake. Dakika tatu tu kabla ya hapo, mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amesimama palepale akichezea vibanio vya nguo. Hilo la mjukuu Bi Nozue alilirudia mara nyingi siku ile, na nani angemlaumu?

Upande wa pili wa ua, katika ukumbi wa upinde wa Mwalimu Kuramochi, watu watano waliokuwa mstarini walisikia kelele za bibi wakaganda. Hakuna aliyeona mshale umetoka kwa nani. Katika sanaa ile kila mtu hutazama shabaha yake, na anayechungulia ya jirani huonekana hana adabu. Mwalimu alikuwa wa kwanza kulia, mahali pa mkubwa. Wa mwisho kushoto alikuwa Torao Wakui, fundi wa mabasi mstaafu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtu ambaye mishale yake ilizoea kulala kwenye nyasi kabla ya kufika popote. Huyo alikuwa ameachia wake wakati uleule, macho nusu yamefumba kama kawaida yake.

Mwalimu akageuka polepole.

"Bwana Wakui," alisema.

Hakuongeza neno. Wale watatu wengine wakamgeukia Wakui. Yeye akautazama mkono wake, akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mbao za sakafu, akaomba radhi kwa Mwalimu na kwa wenzake wote. Aliamini kabisa kuwa ni yeye. Mtu aliyezoea kukosea hahitaji ushahidi mwingi.

Jikoni, dirisha likiwa wazi kuelekea ukumbini, Sumie mke wa Mwalimu aliacha kisu katikati ya figili. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amepika huku akisikiliza upinde wa mumewe. Unasikia mbao zikilia kidogo wakati wa kuvuta, kisha kimya, na hicho kimya ndicho kipimo cha mtu. Uzi ukiwa umevutwa hadi mwisho, mpiga upinde hungoja. Mumewe alikuwa akingoja hesabu ya nane, na Sumie aliweza kuchemsha yai kwa hesabu zile. Kisha uzi hulia, na karatasi ya shabaha hupasuka: pa!

Tangu mwezi wa tano kimya kile kilikuwa kimekufa. Nane ilikuwa tatu, tatu ikawa moja, na sasa mkono uliachia kabla upinde haujashuka usawa wa macho. Wapiga upinde wanaujua ugonjwa huo na wanauogopa kuliko baridi yabisi. Wanauita haraka. Mkono unaasi, unaachia wenyewe, na mwenye mkono anabaki kutazama. Ulimwanza Mwalimu Kuramochi alipofeli mtihani wa daraja la nane la upinde kwa mara ya kumi na moja. Hakumwambia mtu. Alianza kupiga mishale michache na kusahihisha mingi ya wenzake, nao wakasema Mwalimu amekomaa, siku hizi anafundisha kwa macho tu.

Sumie aliuosha mkono, akauosha tena. Alijua ule mshale ni wa nani kama anavyojua kikohozi cha mumewe.

*

Kuokota mishale ni kazi ya mgeni wa ukumbi, kwa hiyo hata siku ile ya aibu Wakui ndiye aliyekwenda kuiokota. Aliifuta kwa kitambaa, akamrudishia kila mtu ya kwake. Kisha akakaa chini kwa muda akiitazama mishale yake minne. Mwalimu alipokea mitatu akaitia kwenye podo bila kuhesabu.

Bwana Hanyu, katibu wa chama cha upinde, alikuwa mmoja wa wale watatu. Yeye ni mtu wa taratibu. Alisema haifai, jirani lazima aone hatua zimechukuliwa. Ukutani kuna vibao vya mbao vyenye majina ya wanachama, vimepangwa kwa daraja, wa juu kulia, wa chini kushoto. Hanyu akakitoa kibao cha Wakui kwenye msumari wake, akakiweka kwenye droo, akasema hadi majira ya kuchipua. Alimtazama Mwalimu kupata idhini. Mwalimu alikuwa anafunga upinde wake kwenye kitambaa, na kufunga upinde ni kazi inayotaka umakini.

Kesho yake asubuhi Wakui alivaa suti aliyoagwa nayo kazini, akanunua boksi la keki za maharage tamu katika lile duka la karibu na stesheni, akaenda kwa Bi Nozue. Alisujudu kwenye kizingiti cha mlango huku watoto wa shule wakipita. Bi Nozue alimwambia kwa umri wake angetafuta mchezo mwingine, hata wa karata. Wakui alisema ndiyo, ni kweli, asante.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Bi Nozue alibisha mlango wa jikoni kwa akina Kuramochi akiwa na mshale mkononi.

"Mama mwalimu, chukua huu. Sitaki kuuona nyumbani kwangu."

Bi Nozue hajui manyoya. Sumie anajua. Mishale ya Wakui ni ya alumini, ina manyoya ya bata mzinga yaliyotiwa rangi. Huu ulikuwa wa mwanzi, na manyoya yake ni ya tai, yenye mistari ya kahawia, urithi wa baba mkwe. Katika mji ule hakuna mwingine mwenye manyoya kama hayo. Sumie alishukuru, akainama, akafunga mlango.

Angeweza kuutupa motoni. Angeweza kumpelekea mumewe chumbani amwambie shika. Badala yake alikwenda kwenye kibaraza cha kuvulia viatu, ambako kuna mtungi wa kauri wa miavuli, akauchomeka humo, manyoya juu, katikati ya mwavuli wake na wa mumewe.

Mwalimu aliuona usiku uleule alipotoka kufunga geti. Alisimama, akaweka viatu vyake sawa, akapita. Kwa siku kumi na moja walipita hapo kila mmoja kwa wakati wake, wanachukua miavuli, wanarudisha miavuli, na hakuna aliyeutaja mshale. Walizungumzia bei ya kabichi. Sumie alipika bila kuonja.

*

Sasa niseme wazi jambo moja kuhusu Mwalimu Kuramochi, ambalo sisi majirani tulilijua na yeye hakulijua. Alijivunia unyenyekevu wake. Kila Jumapili alfajiri alikuwa hekaluni, amekaa kwa kutafakari Zen, mgongo umenyooka, na mtawa alipopita nyuma na fimbo ya kuwaamsha wasinziao, Mwalimu alikuwa wa kwanza kuunganisha viganja aombe kuchapwa. Akichapwa mabegani, ule mlio aliupokea kwa utulivu mkubwa, ili hata wa mstari wa nyuma wausikie. Baadaye, kwenye chai, aliwaeleza wanafunzi wake mambo ya kuiacha nafsi.

Mwezi wa kumi aliwaambia hivi, na Wakui alikuwa amekaa karibu kabisa na birika: "Mtu akikulaumu kwa usilolifanya, usijitetee. Anayejitetea ni nafsi. Pokea, inama, nafsi itakosa pa kushika." Wote wakaitikia kwa kichwa. Wakui aliandika kwenye kijidaftari chake cha zamani cha karakana, kilichojaa hesabu za vipuri.

*

Tarehe thelathini na moja Desemba theluji ilianza mapema. Wakui alifika saa nane mchana, akachomeka mwavuli wake kwenye mtungi, akaingia na furushi la mochi, keki za mchele alizozitwanga mwenyewe. Kumpelekea mwalimu zawadi ya kufunga mwaka ni desturi, lakini kwa mtu aliyetolewa kibao ilikuwa desturi nzito. Sumie aliweka chai mbele yao, akarudi nyuma ya mlango wa karatasi. Alikaa hapo kwa makusudi, sitamsingizia.

Wakui alizungumzia theluji. Akazungumzia goti lake. Kisha akasogea nyuma kutoka kwenye mto wa kukalia, akasujudu juu ya mkeka.

"Mwalimu, nimekuja kushukuru," alisema. "Mwanzoni sikuelewa. Nilipookota mishale nikakuta yangu yote minne ipo, na yako imepungua mmoja. Nikasema, kumbe."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Kikombe kiligonga sahani.

"Usiku ule nilikasirika, nakiri. Mke wangu aliniambia nenda kaseme. Kisha nikafungua daftari, nikakuta maneno yako ya mwezi wa kumi. Nikaelewa. Ulinichagua. Ukaharibu mshale wako wa urithi kwa ajili ya kunifundisha mimi, mtu wa grisi. Miaka arobaini kazini nilikuwa mtu wa kujitetea, Mwalimu. Basi likiharibika si mimi, ni yule wa zamu. Lakini kwa Bi Nozue, nilipoweka kichwa chini, nilisikia kitu kimenitoka. Sijui niseme nini. Asante."

Machozi yalikuwa yanamtoka mzee yule wa watu, na hakuyaficha.

Hapo palikuwa na mlango wazi, mpana, wa mtu kupita. Neno moja lingetosha. Mwalimu Kuramochi alifungua mdomo, na mimi naamini alitaka kusema kweli. Lakini mbele yake kulikuwa na mtu anayemtazama kwa namna ambayo wasahihishaji wa daraja la nane hawakuwahi kumtazama hata mara moja katika mara kumi na moja.

"Umeelewa," alisema Mwalimu.

Nyuma ya mlango Sumie alifumba macho.

Alimsindikiza Wakui hadi kibarazani. Wakui aliinama kuchukua mwavuli wake, na kwa kuwa ulikuwa umebanana na ule mshale, aliuchomoa taratibu kwa mikono miwili ili asiyavunje manyoya. Alimwinamia Sumie, akaenda zake kwenye theluji.

Sumie alirudi sebuleni, akabaki amesimama. Si kawaida yake kusimama mbele ya mumewe aliyekaa.

"La kwanza lilikuwa woga," alisema. "Woga nauelewa. Hili la leo ni nini?"

"Sikumsingizia mtu. Nilitaja jina lake tu."

"Baba Chinatsu, usinifanye mtoto. Nimesikiliza upinde wako tangu binti yetu hajazaliwa. Mkono wako unaumwa haraka, na umempa mtu mwingine ugonjwa wako aubebe, na sasa unapokea shukrani."

Alimjibu kwamba baada ya sikukuu atasema. Tarehe mbili ndiyo ufunguzi wa mwaka, wageni wa chama cha mkoa wanakuja, mji mzima utakuwepo, hawezi kuwaaibisha watu. Atapiga mishale miwili tu, miwili, kisha mambo yatatengenezwa kimyakimya, na Wakui atarudishiwa kibao.

"Watu ndio watakaoaibika au wewe?"

"Sumie."

"Tarehe mbili mjukuu wa Bi Nozue atakuwa nyuma ya ule ua, atataka kuona. Sikiliza. Ukivuta upinde kabla hujasema, nitashuka kwenye nyasi nisimame mbele yako. Sitapiga kelele. Nitasimama tu."

Alichukua vikombe akaenda kuviosha. Mwalimu alicheka kidogo, peke yake, kama mtu aliyesikia utani, lakini usiku kucha hakulala.

*

Asubuhi ya tarehe mbili Sumie alipita kibarazani akakuta mtungi una miavuli tu. Mshale umekwenda. Amekwenda kusema, alijiambia, ameuchukua ili awaonyeshe. Alirudi jikoni akachochea supu ya miso ya wageni, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili aliionja.

Na kwa haki ya Mungu, Mwalimu aliuchukua kwa nia hiyo. Lakini nia ya mtu ni kitu cha kuyeyuka. Alivaa vazi la sherehe, akapiga hatua ndani ya ukumbi, akawaona wageni wa mkoa wamekaa kwa magoti safu mbili, akamwona Bwana Hanyu kwenye kipaza sauti akilisoma jina lake lote pamoja na daraja. Akawaza: nipige kwanza. Leo mkono umetulia, nausikia. Nikipiga moja safi, kisha nikakiri, nitakuwa nimekiri nikiwa mtu mzima, si kama mgonjwa. Ona jinsi nafsi inavyojua kuvaa nguo nzuri.

Nje ya ua watu walijaa. Bi Nozue alikuwa amembeba mjukuu begani. Nyuma yao kabisa, kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia, alisimama Wakui chini ya mwavuli wake, anatabasamu.

Mwalimu akavua mkono mmoja wa kimono, bega likabaki wazi kwenye baridi. Akaupachika ule mshale wa manyoya ya tai. Akauinua upinde juu ya kichwa.

Jikoni, Sumie alisikia mbao zikianza kulia. Alijua maana yake. Hakuvua aproni, hakutafuta viatu. Alisukuma mlango wa upande, akashuka kwenye theluji na soksi zake, akatembea hadi katikati ya nyasi, akageuka, akamtazama mumewe.

Kulikuwa na sauti moja tu, ya Bwana Hanyu, "Mama!"

Upinde ulikuwa umeshavutwa nusu. Mwalimu alimwona mkewe kwenye ncha ya mshale, na palepale akausikia mkono. Ulikuwa unawasha. Ulikuwa unataka kuachia kama mtu anavyotaka kupiga chafya. Kwa miezi minane kila mara ulipowasha hivyo alikuwa ameshashindwa tayari, uzi umeshalia. Hofu ilimshika ambayo hakuwahi kuijua, na ndani ya hofu ile hakukuwa na daraja, wala mgeni wa mkoa, wala Kuramochi. Kulikuwa na aproni ya bluu.

Sumie alihesabu. Moja. Mbili. Theluji ilikuwa inaingia kwenye soksi zake. Tatu. Nne. Alimwona jasho likimtoka mumewe kifuani, katika baridi ile. Tano. Sita. Saba.

Kwenye nane mikono ya Mwalimu ilianza kurudi. Kuurudisha mshale uliokwisha kuvutwa ni kazi ngumu kuliko kuupiga, ulizeni mpiga upinde yeyote. Uzi ulirudi kidogo kidogo, mabega yakitikisika kama ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza, hadi upinde ukanyooka. Akauchomoa mshale. Akapiga magoti palepale.

"Mshale ulioingia kwa Bi Nozue ulikuwa wangu," alisema. Hakukisogelea kipaza sauti, lakini kila mtu alisikia. "Mkono wangu ni mgonjwa tangu mwezi wa tano. Niliwaacha mumtazame Bwana Wakui."

Bwana Hanyu alikikimbilia kipaza sauti akasema kutakuwa na mapumziko mafupi, supu iko tayari. Wageni wa mkoa walitazama mikeka. Nje ya ua Bi Nozue alisema kwa sauti ya mtu anayewaza, "Na zile keki nilizila zote."

Mwalimu alitoka kwa geti na soksi nyeupe, bega moja bado wazi, mshale mkononi. Watu wakampisha. Alifika mbele ya Wakui akasujudu kwenye theluji, pale ambapo baiskeli hupita.

Wakui alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kumpotea. Alijaribu kumfunika kwa mwavuli.

"Mwalimu, inuka. Hili nalo ni somo, sivyo?"

"Hapana," alisema Mwalimu. "Wala lile la kwanza halikuwa. Nilidanganya kwa sababu niliogopa. Na uliponishukuru nikadanganya tena kwa sababu nilipenda kushukuriwa. Hakukuwa na somo lolote, Bwana Wakui."

Masikio ya Wakui yakawa mekundu. Alitazama juu, akatazama nyumba ya Bi Nozue, kizingiti kile.

"Ningependa lingekuwa somo," alisema, akafunga mwavuli wake ijapokuwa theluji ilikuwa inaanguka, akaondoka.

*

Chama kilimvua Mwalimu Kuramochi haki ya kufundisha. Kibao chake alikitoa mwenyewe, hakusubiri Hanyu. Kila asubuhi sasa husimama hatua mbili mbele ya robota la mabua, kama wanavyoanza wote, anavuta na kurudisha, anavuta na kurudisha. Jikoni Sumie huhesabu. Kuna siku hesabu inafika tano, kuna siku haifiki mbili. Hekaluni haendi tena mstari wa mbele, na fimbo ikipita nyuma yake haombi.

Mshale aliurudisha mwenyewe kwenye mtungi wa miavuli, manyoya juu, na Sumie hakuuondoa. Kila mgeni anayeingia anauona.

Mwezi wa tatu, siku ya mvua, mlango ulibishwa. Alikuwa Wakui, na kijidaftari chake kikichungulia mfukoni. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alivua viatu, akauangalia mtungi, akasogeza mwavuli wa Mwalimu upande, akauchomeka wake kando ya ule mshale, taratibu, asiyavunje manyoya.